Macho ya watu 163 kwenye faili moja

Alhamisi, Julai. Baridi ya kuuma vidole, na ukungu haukuondoka hapa Waithaka mpaka saa nne. Lakini leo nimekula chakula cha mchana nikamaliza. Jana sikuweza hata kukionja cha jioni.

Jana, kwa muda wa saa tatu hivi, niliamini kwamba nimeharibu macho ya watu mia moja sitini na watatu.

Nieleze vizuri. Jumamosi iliyopita daktari wa macho alikuja shuleni kwetu kwa kujitolea, akampima kila aliyetaka. Karatasi za vipimo alimwachia Mwalimu Mutua wa sayansi, naye akanipa mimi nizichape kwenye kompyuta: jina, kidato, namba ya lenzi ya jicho la kulia na ya la kushoto. Labda alinichagua kwa sababu ninavaa miwani tayari. Labda ni kwa sababu sisemi sana. Orodha inaondoka kesho kwenda kwa watengenezaji wa miwani. Karatasi zenyewe nilizichoma Jumanne kwenye shimo la takataka nyuma ya jikoni, kama Mwalimu alivyoagiza, ili vipimo vya watu visizagae.

Jana mchana, kwenye chumba cha kompyuta, niliona majina yangependeza zaidi yakifuata alfabeti. Nikachagua safu ya majina, nikabofya. Dirisha dogo likatokea likiuliza kama safu za kando zisogee pamoja nayo, au nipange hiyo pekee. Nikajibu hiyo pekee. Mimi, ninayesoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya majani chai, sikusoma dirisha hilo. Nikahifadhi, nikaifunga faili.

Kisha nikaifungua tena nikatafuta jina langu, kwa majivuno tu. Mwende, kidato cha kwanza, jicho la kulia nusu.

Niko kidato cha tatu. Namba yangu ni nne na robo, na nimevaa miwani mizito tangu nikiwa na miaka tisa.

Majina yalikuwa yamehama, na vipimo vimebaki palepale. Kila mtu alikuwa amepewa macho ya mwingine. Nilikimbilia kitufe cha kurudisha nyuma, nikakikuta kimefifia, maana nilikuwa nimeshahifadhi na kuifunga. Nikafunga faili, nikachomoa flash disk, nikakaa darasani mpaka jioni bila kusikia neno.

Sikumwambia Mwalimu. Nakiri. Nilikwenda Adams Arcade, kwa Auntie Nasrin mwenye duka la intaneti, kwa sababu ndiye aliyenifungulia faili hiyo siku ya Jumatatu. Nilimsimulia nikiangalia viatu vyangu. Alicheka kwanza.

"Kwa hivyo wewe ni daktari sasa? Umeponya wangapi?"

Alipoona sicheki naye, alivuta kiti akakaa.

"Sikia, Mwende. Baada ya kupanga, umesave mara ngapi?"

"Mara moja."

"Una hakika? Kama ni mara mbili, hapo mimi na wewe tunaomba Mungu tu."

Sikuwa na hakika.

Akaniambia kwamba kwenye dirisha la kuhifadhi, ndani ya machaguo yake, kuna kisanduku ambacho yeye hukiwekea alama katika faili zote za wanafunzi, kwa kuwa anatujua. Kikiwa na alama, kila unapohifadhi, kompyuta huliweka kando toleo lililotangulia kwa jina lingine. Huweka moja tu. Ukihifadhi tena, hilo nalo linafutwa na kosa lako linachukua nafasi yake. Hiyo faili ya pili nilikuwa nimeiona kwenye flash disk. Nilidhani ni uchafu, na nilipanga kuifuta nipate nafasi.

Akaifungua. Sikutaka kutazama. Nikatazama.

Mwende, kidato cha tatu, nne na robo.

Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa kwamba sioni.

Auntie Nasrin aliinakili mara mbili kabla ya kugusa chochote, kisha akanipa ile mouse nipange upya mwenyewe, safu zote pamoja. "Polepole," alisema. "Soma kwanza, kidole baadaye."

Lakini nilipofika nyumbani wasiwasi ukarudi. Mstari mmoja ulio sawa ni mstari wangu tu. Kwa hiyo leo nimefanya jambo ambalo si la kawaida yangu: nimeingia darasa la kidato cha nne wakati wa mapumziko, mbele ya watu, nikawauliza wenye miwani namba zao. Mmoja aliniita Profesa, wote wakacheka, masikio yangu yakawaka moto. Namba zote tano zilikuwa sawa na za kwenye orodha.

Kisha nikaenda kumwambia Mwalimu Mutua yote, hata ile sehemu ya kutomwambia. Alisema angalipenda kuambiwa jana. Halafu akaniuliza kile kisanduku kiko wapi hasa, maana alama za mtihani za darasa zima ziko kwenye kompyuta yake.

Nikitoka ofisini, msichana wa kidato cha kwanza alinisimamisha. Yeye hukaa dawati la mbele kabisa na bado hunakili kutoka kwa jirani. Alitaka kujua miwani itakuja lini, na kama kweli ataona ubao.

Nilimwambia labda wiki mbili. Nilimwambia ndiyo, ataona. Na nilimtazama usoni nikisema hivyo.