Bolti Uliyoikata Wewe

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Natumaini kile kikohozi kimekuacha, na shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku afya tunayo, ila nyumba imepooza. Dada anakusalimu. Goti lake limepata nafuu, na ulimi wake, kama unavyomjua, haujawahi kuugua.

Baba tulimzika wiki tatu zilizopita, kama Dada alivyokuandikia. Amenionyesha jibu lako. Katika karatasi nzima umeuliza jambo moja tu, kama Baba aliwahi kukutaja kabla ya kufa. Dada hakuwa na la kukujibu. Mimi ninalo, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Miaka minane imepita tangu winchi ya karakana ilipoachia injini ikiwa hewani, ikamponda Baba mkono wa kulia. Bolti iliyobeba ndoano uliikata wewe, nati aliikata yeye, na nati ilichomoka. Baba, mkono ukiwa bado kwenye bandeji, alisema mbele ya wateja kwamba nati yake haiwezi kukosea, na kwamba asiyejua kuhesabu nyuzi za bolti asiguse mashine ya kukereza. Ulikunja ovaroli ukaiweka juu ya benchi, ukaondoka bila kumjibu mzazi. Kesho yake mashine ikawa yangu, mimi niliyekuwa nikitumwa kufagia chenga za chuma.

Tangu hapo Baba alikaa kando yangu akinifundisha kwa mdomo, kwa kuwa mkono ulibaki pambo. Alinikataza kuamini nyuzi tatu au nne, kwa sababu nyuzi za inchi na za milimita zinaweza kufanana mwanzoni kama mapacha, kisha zikaachana kadiri unavyosonga mbele. Alisema nipime urefu wa nyuzi nyingi, halafu nikilaza kile kibati cha kupimia chenye meno juu ya nyuzi, niviinue vyote kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, nimedanganyika. Na nati ikigoma, nisiipanue ili ipite, maana nati inayocheka leo itakuliza kesho. Nilimwambia nitayaandika hayo ukutani. Akanijibu niyaandike kichwani, huko kuna nafasi tele.

Miezi mitano iliyopita, alipoanza kushinda kitandani, aliomba ile bolti na ile nati. Kumbe alizihifadhi kwenye kopo miaka yote hiyo. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo aliniambia nipime mimi. Nilianza na sehemu ya bolti ambayo nati haikuifikia. Nyuzi ishirini, milimita hamsini kamili. Kibati cha milimita mbili na nusu kilikaa, mwanga haukupenya hata chembe. Akaniagiza niipasue nati kwa msumeno. Humo ndani kibati hichohicho kilikaa meno ya mwanzo tu, ya mwisho yakaning'inia. Kile cha nyuzi kumi kwa inchi kikakaa chote.

Baba aliuliza mara mbili, nikamjibu mara mbili. Akaniambia kwamba asubuhi alipokata nati ile alikuwa ametoka kukata kazi ya inchi, akasahau kubadilisha gia. Nati ilipogoma kwenye bolti yako aliipanua mpaka ikapita, akaona yamekwisha. Akalia, kaka. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata siku alipopondwa mkono.

Aliniambia nichukue karatasi niandike maneno yake kwako, kwa kuwa yeye hakuweza tena kushika kalamu. Kwa aibu, alinikataza kumwambia Dada mpaka jibu lako lije.

Majuto ni mjukuu, na wangu ameshafika mlangoni. Barua ile sikuipeleka posta. Niliogopa kwamba ukirudi mashine itakuwa yako, maana mwenye mkono wa kazi ni wewe, nami ningerudi kwenye ufagio na umri huu, wanangu wakinitazama. Nilijiambia nitaituma wiki ijayo, na kila wiki ilikuwa na wiki ijayo yake.

Kila Jumamosi Baba aliniuliza kama umejibu, nami nilimwambia bado. Mwanzoni alitania kwamba posta ya siku hizi inatembea kwa magoti. Baadaye akawa anasema tu kwamba una haki. Asubuhi aliyokufa hakuuliza. Aliniomba nikikuona siku moja nikuambie kwamba hakulaumu kwa kutomjibu. Alikufa akiamini umemkataa, na niliyemwaminisha hivyo ni mimi.

Karatasi yake imo humu ndani. Niliandika kama alivyotamka, bila kuongeza neno langu hata moja. Alikuita urudi nyumbani, kaka. Sikuombi msamaha leo, sina uso wa kuuomba. Nakuomba uamini kwamba alikuita.

Wasalimie shemeji na watoto. Dada hajui bado. Nitamwambia nikirudi kutoka posta, ninakokwenda sasa hivi kabla sijajitafutia sababu nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Haraka