Ubao wa Misumari na Taa Isiyowaka

Mtaa wa Shela,
Malindi.
Jumapili, 9 Machi 1986

Mpendwa mdogo wangu Famau,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, natumai waraka huu utakukuta huko Maskati ukiwa na afya njema, wewe na mkeo Kuluthumu na watoto. Kile kifua cha Kuluthumu kimepoa? Na yule mdogo ameshaanza kutembea, au bado anabebwa kama sultani? Sisi huku tu wazima kwa kiasi alichopenda Mola. Magoti yananiuma, lakini magoti yangu si habari. Habari ni shemeji yako.

Abdulhalim hajambo wala hajapona. Huu ni mwezi wa saba tangu kiharusi kimwangushe karakanani, randa ingali mkononi. Mkono wa kulia umekufa, mguu anauburuta, na ulimi haujatoa hata neno moja. Mwanzo alikuwa akinifuata kwa macho kila nikipita. Sasa hata macho hanipi. Analala ameelekea ukuta, na nikimgeuza atazame watu, nikitoka kidogo nikirudi namkuta ameshaurudia ukuta wake. Mtu aliyetengeneza vitanda na milango ya nusu ya mji huu, leo anakodolea chokaa. Hujafa hujaumbika, mdogo wangu.

Mwezi uliopita alikuja kaka yake, Mzee Fumo, kutoka Siyu. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema, "Shemeji, akili imeshakwenda. Hapa tumebaki na kiwiliwili." Akaendelea papo hapo, kuhusu vyombo vya useremala agawiwe nani, na kaburi liwe Siyu karibu na la baba yao. Anarudi Jumamosi hii kumchukua. Karakana ifungwe, mimi nirudi kwa watu wangu nikapumzike. Asema ananihurumia.

Sitaki huruma hiyo, Famau. Miaka ishirini na saba, halafu nimkabidhi mume wangu kama godoro? Najua akifika kule atalishwa, ataogeshwa, atabadilishwa shuka, na hapana atakayemsemesha tena. Watamzika kabla hajafa. Lakini Mzee Fumo nimjibu nini? Nikimwita Abdulhalim, haitiki. Nilimshika kidole cha mkono mzima nikamwambia, "Kama wanisikia, nifinye." Hakunifinya. Sina ushahidi hata wa kujidanganya nafsi yangu.

Sasa nikueleze upumbavu wangu, maana ndio ulionishikisha kalamu. Hospitalini kuna muuguzi mmoja, Sista Jedida, mtu wa Rabai, mwenye subira kuliko mimi. Aliniambia mkono uliolala hauamshwi kwa kusuguliwa mafuta tu, unataka kazi inayopendwa na moyo. Nikampa tasbihi, ikaanguka. Nikampa kete za bao, zikaanguka, wala hakugeuka kuzitazama. Ndipo Sista akanieleza mchezo aliouona Mombasa: ubao umesimamishwa wima, umepigiliwa misumari safu kwa safu, juu unadondosha gololi, nayo inateremka ikigonga msumari huu na huu, hujui itaangukia wapi, mpaka itue kwenye kimoja cha visanduku vya chini. Na ikitua, taa inawaka. Akasema mgonjwa huinua mkono mwenyewe ili aione taa.

Nikasema hilo naliweza. Mke wa seremala atashindwa na ubao? Kumbe kuolewa na seremala si useremala. Nimechukua kipande cha mvule kilichosalia alipotengeneza ubavu wa kitanda cha mteja, nikatoa nyundo na msumeno ambavyo mwenyewe hakuruhusu mtu kuvigusa, nikakaa ukumbini, hatua tatu kutoka kitandani kwake, nikaanza kugonga. Mara ya kwanza nilibananisha misumari, gololi ikakwama safu ya pili kama mwiba kooni. Nikaing'oa yote. Mara ya pili nikaipanga vizuri, kila msumari wa chini ukiwa katikati ya miwili ya juu. Iko sabini na miwili. Nadhani arubaini imepinda.

Upande wa taa alinisaidia Mwaura, kijana wa bara mwenye kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Amenipa nyaya na vitaa vya tochi, akanifundisha. Chini ya kila kisanduku weka vipande viwili vya bati visigusane. Waya wa kipande kimoja uende kwenye betri, wa kingine uende kwenye taa. Kitu kikivikalia vyote viwili, njia inaungana, taa inawaka. Nilikata bati la kopo la mafuta, nikajikata hata kidole.

Na hapa ndipo ninapotaka kurukwa na akili. Nikiupeleka ubao kwa Mwaura, akigusa mabati kwa bisibisi yake, taa zote tano zinawaka, moja baada ya moja, mpaka nacheka peke yangu. Nikiurudisha nyumbani, nikadondosha gololi, haiwaki hata moja. Nayo gololi si mbovu. Ni ya kioo, mpya, ina ua la buluu ndani, niliinunua makusudi ili apendezwe nayo. Inateremka vizuri, inatua vizuri, na giza vilevile. Mara tatu nimeubeba ubao huo kichwani kuvuka mji. Mara ya tatu Mwaura akaniambia, "Mama, hii waya iko sawa kabisa. Labda huko kwenu ndiko kuna shida." Nikamwambia kwetu kuna shida, ndiyo, lakini si ya waya.

Jirani yangu Harusi naye amenijia juu. "Mwanatumu, mume yu kitandani, wewe wachonga kamari?" Nilimwambia kamari ni kumwacha Mzee Fumo amchukue. Tangu siku hiyo hajanipigia hodi.

Wewe wafanya kazi ya mafeni na majokofu, umeme waujua. Nimekuchorea ubao mzima nyuma ya karatasi hii. Niambie kosa langu liko wapi. Najua jibu lako halitafika kabla ya Jumamosi, na najua hata taa zikiwaka huenda asigeuke. Naandika tu. Mfa maji haachi kutapatapa. Wiki tatu nimegonga misumari kwenye masikio ya mtu asiyenitazama, na leo sina nguvu hata ya kuinua nyundo.

Jumatatu, 17 Machi

Famau, barua hii sikuipeleka posta. Naiendeleza, maana mambo yamekuwa mengine.

Jumanne baada ya alasiri nilijaribu tena. Gololi ikateremka, ikatua kisanduku cha kati, kimya. Nikaiokota, nikaidondosha tena. Kimya. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Nikaomba Mungu anionyeshe hata njia ya kushindwa vizuri.

Basi nikasikia mtu anasema, "Sivyo."

Nilidhani ni mtu mlangoni. Nikageuka, mlangoni hapana mtu. Abdulhalim alikuwa ameugeukia ubao. Uso umempinda, jasho linamtoka, na mkono wa kushoto ameunyosha, ananionyesha gololi. Nilimpelekea. Aliishika, akaitazama kama atazamavyo mbao iliyoliwa na mchwa, kisha akaitupa nje kupitia mlangoni, kuku wa watu wakaruka.

Akaonyesha rafu ya vyombo vyake. Nikampa patasi, akafumba macho. Nikampa koleo, akafumba macho. Unamjua akifumba macho vile, ndivyo alivyokuwa akiwafanyia wanafunzi wake wazito. Nikampa kopo la kutu lenye grisi. Akaingiza vidole, akatoa kigololi cha chuma, cha beringi ya gurudumu la mkokoteni wake wa zamani, akakifuta kwenye shuka yangu safi, akanipa.

Nilikidondosha. Kikagonga msumari huu na huu, kikatua pembeni. Taa ikawaka.

Chuma, mdogo wangu. Bisibisi ni chuma, umeme unapita. Kioo hakipitishi. Najua umeshanicheka tangu ukurasa wa kwanza, na cheka, nimekuruhusu. Mwaura hakuwahi kuiona gololi yangu, na mimi sikujua kuna la kujua. Lakini yule niliyeambiwa hana akili alilijua. Kwa wiki tatu alisikia kioo kikigongagonga misumari, akalijua kosa langu, na hakuwa na ulimi wa kunambia.

Furaha yangu haikumaliza siku moja. Neno lile halikurudi. Jumatano nilimbembeleza, Alhamisi nikamwimbia, Ijumaa nikakasirika, nikamwambia, "Sema tena, angalau unitukane." Wapi. Mkono wa kulia nao bado umelala. Jumamosi Mzee Fumo akashuka kwenye basi na kamba ya kufungia mzigo. Nikamwambia Abdulhalim amesema. Akanitazama kwa huruma ile ile. "Shemeji, mapenzi humsikilizisha mtu mambo." Akaanza kukunja mashuka.

Sikuwa na la kupoteza tena. Nilimwinua mume wangu nikamwegemeza kwa mito mbele ya ubao. Nikaweka sahani: gololi sita za kioo, mpya, za rangi rangi, na kigololi kimoja cha chuma, kimejaa grisi. Nikamwambia, "Mzee Fumo, cheza na nduguyo mara moja tu, halafu mchukue." Alichoka kubishana na mwanamke. Akaokota ya kioo, nyekundu, akaidondosha. Hakuna taa. Akaokota nyingine. Hakuna. Alipotaka ya tatu, Abdulhalim akamshika kiwiko kwa mkono wake wa kushoto. Akaisukuma sahani, akachagua kile cha chuma katikati ya vyote, akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake.

Taa ilipowaka Mzee Fumo hakuitazama. Alikuwa akimtazama nduguye. Akaniuliza polepole, "Ina maana alikuwa akisikia siku zote hizi?" Nikamwambia, "Naona ndivyo." Mzee mzima akafunika uso kwa kofia yake, akalia mpaka mabega yakatikisika. Nadhani alikumbuka maneno ya kaburi na ya kugawa vyombo. Alimbusu Abdulhalim kichwani, akaomba radhi, akashika njia ya stendi peke yake. Kamba yake ameisahau hapa.

Harusi, kumbe alikuwa akichungulia, alipiga vigelegele uani. Mimi sikuweza hata kutabasamu. Mimi nilikuwa nahesabu miezi.

Famau, haya sijamwambia mtu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, siku moja nilikuwa namwosha, Harusi amenishikia beseni. Mgongo ulikuwa unaniua, na alikuwa amechafua shuka mara ya tatu tangu asubuhi. Nikasema juu ya kichwa chake, kwa sauti, kama mtu anenavyo mbele ya kiti, "Laiti Mungu angemchukua, tukapumzika sote." Asubuhi yake ndipo nilipomkuta kwa mara ya kwanza ameelekea ukuta. Nami nikakimbilia hospitali kusema ugonjwa umezidi.

Jana asubuhi nilikaa chini mbele yake nikamwambia yote, siku, saa, na neno lenyewe, nisilipunguze. Nikamwomba radhi. Alinitazama muda mrefu, hata nikatamani ageuke asinitazame. Nikamuuliza, "Umenisamehe?" Alipapasa shuka, akakipata kile kigololi cha chuma, akanifumbua mkono, akakiweka, akanifumba vidole kimoja kimoja. Kisha akanionyesha ubao kwa kidevu. Ilikuwa zamu yangu.

Maneno haya ya mwisho usimsomee Kuluthumu. Mengine msomee, mcheke pamoja.

Nisalimie yeye na watoto, na Mwalimu Athmani kama bado mwaonana, na kila wa kwetu aliye huko. Harusi anakusalimu, tumeshapatana. Abdulhalim hawezi kukusalimu, lakini nilipolitaja jina lako asubuhi ya leo alinitazama, na hiyo uihesabu ni salamu. Mola akuhifadhi huko ugenini, akupe riziki ya halali na umri wa kuturudia, akuzunguke na watu wenye kauli njema.

Mimi dada yako akupendaye,
Mwanatumu