Dozi Niliyoikadiria

Kilakala, Morogoro
12 Julai 2024

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini u mzima, na goti halikusumbui sana kwa baridi hii ya Mgeta. Mimi sijambo, nakula vizuri, hata nimenenepa kidogo.

Mafunzo yetu ya kuhudumia wanyama wanaopasuliwa yamefika wiki ya sita. Mimi nimepangiwa dawa ya usingizi. Usidhani ni kuchoma sindano tu, Baba. Mnyama akishalala, mimi ndiye ninayezihesabu pumzi zake mpaka aamke.

Jumanne Bibi Mosi wa Mikese alimleta mbuzi wake aliyevunjwa mguu na bodaboda. Alitueleza kwamba wajukuu zake wanategemea maziwa ya mbuzi huyo, akakaa nje kusubiri. Daktari Hosiana, mwalimu wetu, alikuwa anaunga mfupa nilipoona ufizi wa mbuzi unageuka bluu na kifua kimetulia. Daktari huyu anaogopwa; hata madaktari wenzake humpisha mlangoni. Nilimwambia, "Daktari, acha kwanza." Akaacha. Nikafunga dawa ya usingizi iliyokuwa ikimwingia, nikawa nampa mbuzi hewa kwa kuminya mfuko, taratibu, mpaka akavuta pumzi yake mwenyewe. Nikamruhusu daktari aendelee. Baadaye aliwaambia wenzangu kwamba penye kichwa cha mgonjwa hakuna mkubwa kuliko Angelina. Ameniomba nibaki niwafundishe wanaokuja Septemba, nami nimekubali, kwa sababu kazi hii naiweza.

Lakini siwezi kusimama mbele ya watu kufundisha kabla sijakwambia jambo moja. Ningepiga simu, ila najua ningelimeza tena. Mbuzi wetu aliyekufa mwaka juzi hakuuawa na majani ya shamba la Mzee Maneno. Nilimuua mimi. Nilimchoma dawa ya kumtuliza ili nimshone chuchu iliyochanwa na waya, nikamkadiria uzito kwa macho, nikazidisha dozi. Uliposema majani ya jirani yamepuliziwa sumu, nilinyamaza. Mkaacha kusalimiana, mkaacha hata kuzikana, nami bado nimenyamaza.

Nisamehe, Baba. Jumapili ya tarehe 21 nakuja. Tukitoka misa nitakwenda kwa Mzee Maneno kumweleza kwa mdomo wangu, hata kama utakataa kufuatana nami. Ningependa tufuatane.

Mama mwambie namkumbuka, na shangazi Margareth umfikishie salamu zake.

Ni mimi mwanao,
Angelina Ignas