Mlango Nilioufunga Kilembe

Bwera, nyumbani kwa Masika

Mama yangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti. Mgongo umepata nafuu? Na baba, bado anakohoa akitoka zamu ya alfajiri? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila uzima wenyewe naona haya kuusema.

Simu yangu ilichukuliwa na mto, ndiyo maana unapata karatasi. Hata ningekuwa nayo, haya yasingenitoka mdomoni. Nasikia baba ameisimulia kambi yote ya jeshi huko Gulu kwamba binti yake aliokoa watu kwenye mafuriko. Ni Apio, mwenzangu wa chuo ninayelala naye chumba kimoja, aliyempigia simu kumtuliza, akatia chumvi. Sikuokoa mtu, mama.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Kilembe jua lilikuwa linawaka, kumbe huko juu milimani mvua inamwagika. Tulikuwa chumbani tunasonga posho ya mahindi niliposikia mlio: gudu, gudu, gudu. Unajua sisi watoto wa kambi tulivyolelewa. Nilidhani ni mabomu, nikafunga komeo, nikamvuta Apio chini ya kitanda, nikamwamuru alale na anyamaze. Yeye katoka Soroti juzi tu, akatii, si mimi ndiye mtoto wa askari? Mlio ule ulikuwa mto Nyamwamba unavingirisha mawe. Wenyeji wakiusikia wanapanda mlima, hawangoji kuambiwa.

Mama Masika, mwenye nyumba wetu, alikuwa ameshapanda kanisani na wenzake. Alipoona hatupo, akashuka tena, akagonga.

"Mutoto, fungua! Maji inakuja!"

Sauti yake niliijua. Sikufungua. Baba alitufundisha kwamba hata jirani anaweza kukuita huku kashikiwa bunduki mgongoni. Aligonga, akatuita kwa majina, na mimi nimemziba Apio mdomo. Nilifungua maji yalipopita chini ya mlango. Hakunigombeza. Alitusukuma tutangulie, yeye akabaki nyuma, na jiwe likamkuta mguuni.

Mguu umevunjika pawili. Walipomfunga plasta, binti yake Masika alituchukua sisi sote akatuleta kwake hapa Bwera. Kila mgeni akija kumpa pole, Mama Masika anasema aliteleza mwenyewe, ni uzee. Na wakipika kuku, kipande kikubwa kinakuja kwangu, eti maskini kapoteza vitu vyake. Mama, nakirudisha chunguni. Nilimwuliza kwa nini hawaambii ukweli. Akanijibu, "Wewe iko mutoto ya watu. Nikisema, utalala wapi?" Nilitoka nje nikalia.

Jana nilimweleza Masika mwenyewe, jikoni, yote, mpaka komeo. Hakunitazama. Aliendelea kumenya ndizi. Kisha akanipa kisu chake.

"Menya. Mama anakula mapema."

Akatoka. Tangu hapo hajanisemesha, na sijui kama atanisamehe. Simlaumu.

Kwa hiyo usitume nauli. Chuo hakijafunguliwa, na asubuhi ni mimi ninayemshika Mama Masika kwapani kumpeleka choo. Akiumia ananifinya mkono. Sitaondoka kabla hajatembea, kama atatembea.

Nisalimie bibi, mwambie nakula vizuri. Msalimie kaka na shemeji, na yule mtoto wao ambaye sijambeba bado. Jirani yetu wa chumba cha pili aliyenipa blanketi, msalimie sana, lakini usimwambie kwamba limekwenda na maji.

Barua hii msomee baba akishavua buti na kula. Najua itamuuma, maana alitufundisha kwa kutupenda, na kule tulikokuwa zamani, wakati wa vita, mafunzo yake yalitufaa. Usiruke pale kwenye mlango. Halafu mwombe asiwasimulie watu tena.

Binti yako,
Aber