Gunia la Ulezi

Kibosho, 26 Februari 2024

Mwanangu Allan,

Salamu nyingi za nyumbani. Hujambo huko kwenye joto? Mimi sijambo, ila goti la kushoto ndilo linaloniamulia siku hizi kama niende misa ya kwanza au ya pili. Baba yako ni mzima. Hajakusalimia, nisije nikakudanganya.

Naandika kwa sababu simu umejifunza kuikata. Nikigusa tu habari ya Krismasi unasema mtandao unasumbua, na huku nawasikia wapagazi wa Kariakoo wanavyogombana nyuma yako. Barua hii nimempa kondakta pamoja na mkungu wa ndizi. Hii huwezi kuikata.

Nimefurahi kusikia unamposa Joyceline mwezi wa sita. Na wazazi wake wana haki ya kusema hawapokei posa bila baba mzazi kuwepo. Nilipomwambia Baba yako, akajibu kwamba hana mtoto Dar es Salaam, ana mtu tu aliyepiga teke pipa lake la mbege mbele ya wageni.

Mila unaijua. Aliyekosa anakuja na mbege, ameibeba mwenyewe, anaonja kwanza mbele za watu, halafu anampa kata yule aliyemkosea. Yule akinywa, yamekwisha na hayatajwi tena. Sikuambii ulewe. Nakuambia uonje. Sasa ni Kwaresima na Baba yako hagusi tone mpaka Pasaka, kama kila mwaka, kwa hiyo una muda wa kujipanga.

Njoo mwanangu. Nimechoka kula meza moja na mtu aliyenuna.

Mama yako


Kariakoo, 9 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Pole na goti. Dawa ya kuchua nimeifunga pamoja na barua hii, upake usiku na ujifunike. Ndizi zilifika salama, nusu wamekula vijana wa dukani. Mimi nina afya, biashara ya vyombo inakwenda, mvua imeanza na Mtaa wa Kongo umejaa tope.

Mama, sitaweza. Niliposimama mbele ya kanisa nikaokoka, niliahidi kwamba pombe haitagusa mdomo wangu tena, na sikuahidi kwa masharti. Nilikwenda kumuuliza Mchungaji Elibariki kama kuonja kwa ajili ya mzazi ni dhambi. Akaniambia kuonja ndio mlango wenyewe. Nitaleta mbuzi, nitaleta blanketi, nitaleta kreti za soda mpaka wazee wachoke. Nitapiga magoti mbele ya Baba. Mbege siibebi.

Na mbona hakuna anayeniuliza kwa nini nilipiga lile pipa? Mnasimulia teke tu. Mama, Baba alichota mbege akaenda kuimwaga juu ya kaburi la kaka Gaudens. Eti naye apate sikukuu. Gaudens aliyeanguka huku mtaa wa Gerezani na chupa mkononi! Mimi ndiye niliyembeba kwenye bajaji kumkimbiza hospitali Upanga, akanifia mapajani kabla hatujafika. Halafu nisimame migombani nitazame anamwagiwa kile kile kilichomuua?

Nilimkosea Baba mbele ya wageni, hilo nakubali. Lakini na yeye alinikosea, na kwa kosa lake hakuna mila.

Mwanao, Allan


Kibosho, 21 Machi 2024

Allan,

Hujambo? Dawa imefika na goti limepata nafuu. Roho ndiyo imezidi kuuma.

Nilimsomea paroko barua yako, sehemu ya Mchungaji wako tu. Akacheka, akaniuliza huyo Mchungaji arusi ya Kana huwa anairuka au vipi. Ile mitungi sita Bwana wetu hakuijaza soda. Na Timotheo aliambiwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mimi nimekunywa mbege tangu nimeota meno, nikazaa, nikalima, nikasali, na hakuna aliyewahi kuniokota njiani. Ulevi ni dhambi, hilo na sisi tulifundishwa kipaimara. Lakini nyinyi mmechukua dhambi ya mlevi mkamtwisha kila anayeshika kata.

Tena nikuulize. Zile bilauri za bia ulizonionyesha dukani mwaka juzi, ambazo wenye baa wanakuja kuchukua kwa maboksi, umeacha kuziuza? Au wokovu unaishia mlangoni mwa duka?

Na la Gaudens. Usiniambie habari za Gaudens kana kwamba alikuwa wa kwako peke yako. Nilimzaa mimi. Tangu tumzike, miaka mitatu, Baba yako hakuwahi kutamka jina lake ndani ya nyumba hii. Hata kwenye misa ya kumwombea alikaa kimya, nikataja mimi. Siku ile ya Krismasi aliinama pale kaburini na kata yake, akasema, "Gaudens, mwanangu." Mara ya kwanza. Ndipo ukapiga pipa. Hajalitaja tena mpaka leo.

Baba yako hajui kusali kwa maneno marefu kama nyinyi. Anajua kumpa mtu kinywaji na kukaa naye. Alikosea? Huenda. Mimi mwenyewe sikupenda, moyo ulinipasuka. Lakini yule ni baba aliyekwenda kumsalimia mtoto wake, na wewe ukamwona mganga wa kienyeji.

Pasaka inakuja. Fikiri.

Mama


Kariakoo, 15 Aprili 2024

Mama, shikamoo. Pole kwa yote. Natumaini Pasaka ilikuwa njema na goti linatii. Huku mvua haijaacha, tumepandisha mali juu ya mbao isiloane.

Barua yako niliisoma nyuma ya duka, nikakaa na hasira siku nyingi. Sikujua kwamba Baba alikuwa hajamtaja. Hakuna aliyeniambia.

Bilauri bado zipo, usinisute, natafuta namna ya kuzimaliza. Nilimweleza jirani yangu Mzee Humoud, yule Mwarabu wa duka la mapazia uliyemsifia kwa adabu. Nilijua yeye ataniunga mkono, maana kwao ni haramu kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi sijaionja toka nizaliwe, Allan, na sijawahi kumwaga kinywaji cha baba wa mtu." Akarudi kwenye mapazia yake. Nikarudi dukani kwangu nimezidi kukasirika.

Sasa nimepata njia. Kwenye basi nimepakia gunia la ulezi mzuri, nimeuchagua mwenyewe hapa sokoni. Ulezi si pombe. Mkipika uji, ni uji. Mkitengeneza kimea mkachanganya na ndizi zenu, mimi sitauliza. Mwambie Baba nimeubeba mimi mpaka kwenye basi, begani. Hiyo si ndiyo mbege yenyewe kabla haijawa mbege? Akubali basi, aje mwezi wa sita.

Mwanao, Allan


Kibosho, 2 Mei 2024

Allan,

Salamu utazipata siku nyingine.

Kwa hiyo mimi nipike. Nichemshe ndizi, niloweke ulezi, nikoroge, niipooze, nimpe Baba yako kwa jina lako, halafu wewe ubaki msafi Kariakoo kwa sababu hukuuliza. Dhambi ikae kwa mama. Huyo Mchungaji wako amekufundisha na hili, au umelibuni mwenyewe? Kama mbege ni dhambi, kwa nini unataka mama yako aipike? Na kama si dhambi, kwa nini huinywi?

Sikuipika na sipiki. Gunia liko jikoni, linanizuia kufika kwenye kuni. Nilitaka kuwapa watawa wakawapikie uji watoto wa chekechea, Baba yako akakataa lisiguswe. Nikamuuliza basi analitaka la nini, akatoka nje. Asubuhi analitazama, jioni analitazama. Wewe huko unatazama wokovu wako. Katikati nimekaa mimi, nachukua maneno huku napeleka kule kama kondakta wa basi.

Nimewachoka wote wawili. Sisemi kwa hasira, nasema kwa sababu ndivyo nilivyo. Wewe unampenda Mungu na yeye anampenda Mungu, na mimi nazidi kukosa baba na mtoto mezani pangu. Msiniletee tena habari zenu. Mkipatana nitasikia.

Mama yako, ambaye bado ni mama yako


Kariakoo, 8 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Hujajibu barua zangu mbili na simu haipokelewi. Natumaini u mzima, Baba pia. Kama ni goti, mwambie mtu aniambie.

Nilichofanya na ulezi kilikuwa ujanja. Nimekiona baada ya barua yako, nisamehe kwa hilo.

Posa ni Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, saa nane mchana, Upanga nyumbani kwa wazazi wa Joyceline. Baba mdogo atasimama badala ya Baba. Mzee wa Joyceline amekubali kwa shingo upande, na amesema ataniuliza mbele za watu baba yangu yuko wapi. Sijui nitamjibu nini. Kudanganya siwezi, na ukweli unanitia aibu.

Bado siwezi kubeba mbege, Mama. Nimejaribu hata kulifikiria, nikamwona kaka mapajani pangu. Mwambie Baba hivyo. Au usimwambie.

Mwanao, Allan


Kariakoo, 18 Juni 2024

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini sasa hasira imepoa na unalala. Hii naituma na Baba mwenyewe, anapanda basi kesho alfajiri. Alinikataza kukupigia. Alisema umeagiza usiletewe habari zetu, na kwamba ukiona kata haipo ukutani utajua.

Tulikuwa tumeshakaa, wageni wamejaa mpaka kwenye korido. Mzee wa Joyceline akakohoa, nikajua swali ndilo hilo. Mlango ukagongwa. Baba, na koti lake la misa, na mfuko wa rambo. Hakusalimia mtu. Akamuuliza mama yake Joyceline jiko liko wapi, akaingia humo, akakaa. Sisi tukawa tunatazamana. Baba mdogo akaninong'oneza kwamba mzee amekuja kuniaibisha, na mimi niliamini hivyo.

Akatoka na kata mikononi, inatoa moshi. Ulezi wangu, Mama. Alikuwa ameupeleka mashineni kimyakimya ukasagwa. Akasimama katikati ya sebule ya watu, akaonja yeye kwanza, halafu akanipa mimi.

"Huu ni uji," akasema. "Nimeubeba mimi."

Baba mdogo alianza kusema kwamba hapana, mila siyo hivyo, anayebeba ni mtoto. Baba akamwambia anaijua mila. Kisha akanitazama akaningoja. Nikanywa. Ulikuwa na donge na haukuwa na sukari, nikanywa wote.

Posa imepokelewa.

Jumapili hakuja kanisani kwetu. Alikwenda misa, mimi nikaenda kwangu, tukakutana dukani. Akanitaka nimpeleke Gerezani nimwonyeshe Gaudens alipoangukia. Ni pale kwenye mafundi wa vipuri, karibu na reli. Tulisimama. Mara hii hakumwaga kitu. Alilitaja jina tu.

Usidhani amebadilika. Jioni ile ile aliniuliza kama Kariakoo nzima hakuna mahali mtu anapata mbege ya maana. Nilikasirika upya, nikamwambia sijui. Najua, Mama, ni mtaa wa pili kutoka dukani kwangu.

Kata ameniachia. Desemba nitairudisha mwenyewe, na uji nitaukoroga mimi, usiwe na madonge. Nitakwenda nao kaburini kwa kaka.

Akikuhadithia, atakuambia nilikunywa nikamrudishia kata kwa heshima. Mwache aseme hivyo. Kwamba nililia mbele ya wakwe, aliona, lakini alijifanya anatafuta miwani.

Mwanao, Allan