Kerneli Yako Bado Inapiga Hodi

Kaka Yona,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mie siwezi kuanza bila kukuamkia.

Mashine yako imeganda tena. Ile uliyowatengenezea ya kupimia joto la watoto njiti, kwenye kituo cha afya kule Segerea. Kioo kilionyesha mtoto ana joto zuri, kumbe ni namba ya zamani, mtoto anapoa! Nesi alimgusa miguu ndo akashtuka. Mtoto yuko salama, lakini nesi kaniambia, "Mdogo wangu, ikiganda tena naichomoa." Na hawana nyingine. Umeniachia nini, jamani?

Inapogandia nimepajua. Programu inaituma kerneli, ule moyo wa mashine, ikachukue kitu kwenye ukurasa fulani wa kumbukumbu. Inafika, ukurasa haupo. Kama umewekwa kwenye diski, inauleta na kazi inaendelea. Hapo uliandika vizuri. Ila kama haupo popote, ulikufa hujaandika ifanyeje. Basi inauliza, inauliza tena, huku imeshikilia kufuli la kumbukumbu, ambalo programu nyingine zote zinalisubiri lifunguliwe. Mashine nzima inakauka.

Ulipokuwa unanifundisha hapa kibarazani Gongo la Mboto, ulikuwaga unanicheka: "We Tabu, kwa watu unaingiaje? Piga hodi. Mara ya tatu kimya, geuka, kamwambie aliyekutuma hakuna mtu. Usivunje mlango, wala usilale mlangoni."

Kwa hiyo cha kuandika nakijua. Ni mistari michache tu. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi na mikono inagoma, Kaka, inagoma kabisa. Maana aliyelala mlangoni ni mie. Napiga simu yako, imezimwa, napiga tena. Mama hafungi komeo la geti, eti Yona atakuja. Majirani wakituuliza hali tunajibu salama, na ndani tunapoa. Sitaki kuandika kwamba haupo. Sitaki!

Lakini yule mtoto ana miguu midogo kama vidole vyangu.

Nitaandika leo, nakuahidi. Iachie kufuli, irudi, iseme haupo, kengele ilie nesi aje. Halafu nitatoka nikafunge komeo mwenyewe, na Mama akilia tutalia wote.

Hodi, Kaka.

Hodi.

Hodi.

Haya. Nageuka. Pumzika, kaka'angu.

Mdogo wako,
Tabu