Tarehe ya Kwenye Mkataba

4 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima, ukitoa goti langu ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi. Mama yako anauliza kama unakula. Jibu vizuri, maana barua yako ataisoma kabla yangu. Simu uliyoninunulia ipo, ila mimi ni mtu wa kalamu, nivumilie.

Jana daktari mkuu alituita sisi makarani wa masjala. Akasema mafaili ya wagonjwa yanahamia kwenye kompyuta, na kampuni iliyopewa kazi ni hiyo yenu. Nikasema msimamizi wa mradi ni binti yangu, wote wakageuka kunitazama. Nilifurahi, usinicheke.

Sasa nisikilize. Mfumo ukikamilika masjala itafungwa, na tumepewa nafasi ya kuhamia bohari ya serikali ya vitabu vya shule, anayetaka ajaze fomu kabla mwezi haujaisha. Bohari iko mbali na goti ndilo hili. Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu na kiinua mgongo changu kamili. Nikiachishwa kabla ya hapo, napata makombo. Niambie ukweli wako: huo mfumo utakamilika lini?

Baba yako

16 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nakula, mwambie Mama, na si mikate mitupu. Pole na goti.

Swali lako nimelijibu kwa namna tunavyofanya kazini. Niliwakalisha waandika programu wangu mezani, tukaugawa mradi vipande, na kwa kila kipande kila mmoja akaandika siku anazoona zitatosha, bila kuchungulia ya mwenzake. Tukafunua pamoja. Mwenye namba ndogo na mwenye kubwa wakabishana mpaka wakaelewana. Jumla ni miezi ishirini.

Bosi aliiona akacheka. Zabuni aliishinda kwa kuahidi miezi minane, na minane ndiyo iliyo kwenye mkataba. Usitishike. Tangu nianze kazi hii sijaona mradi hata mmoja uliomalizika tarehe ya mkataba. Ile ni ya kuwafurahisha wakubwa, ikifika inasogezwa, maisha yanaendelea. Kompyuta haiogopi bosi. Baki masjala, Baba, utastaafu kabla hatujamaliza.

Mwanao

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa na mama yako, kisha na mimi, kisha na masjala nzima. Fomu ya uhamisho sikuijaza. Karani mwenzangu tunayemwita Miwani naye hakuijaza. Mama Pacha, yule mwenye wanawe wawili chuoni, amesema kama mpishi ni binti wa mzee, yeye hana haja ya kunusa sufuria. Nimetembea kifua mbele siku nzima, goti likanisamehe. Fanyeni kazi taratibu.

Baba yako

9 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hamjambo? Miezi imepita bila barua yangu, nisamehe. Bosi aliona tunachelewa, akaniongezea vijana sita. Wanaojua ikabidi waache kazi zao wawafundishe wasiojua, tukachelewa zaidi. Kila Ijumaa nauliza, najibiwa "imebaki kidogo", na hiyo kidogo haipungui. Nusu hatujafika.

Nilikuambia, sivyo? Mwezi huu ukiisha tarehe ya mkataba imefika, na bosi ameshaandika kuomba isogezwe. Tulia kitini pako. Naona makadirio yangu yatakuwa sahihi kabisa, na kusema kweli najivunia.

Mwanao

20 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Ni wazima wa mwili.

Tarehe ilifika, tukasogezwa sisi. Hospitali iliisoma ile miezi minane kama ilivyoandikwa. Kwenye bajeti yao masjala inaishia Oktoba. Novemba haina mishahara ya makarani, kwa hiyo haina makarani. Nilimwonyesha daktari mkuu barua yako. Alikuwa mpole. Akasema, "Mzee, mimi nina mkataba, wewe una barua ya mtoto." Nikaikunja barua, nikairudisha mfukoni.

Mafaili tumeyapakia kwenye magunia wenyewe, yamefungiwa stoo. Mfumo haupo, wauguzi wanaandika kwenye vipande vya karatasi. Bohari nilikwenda, nafasi zimejaa. Mama Pacha amemtoa chuo mtoto mmoja, na ilibidi achague mwenyewe yupi. Miwani akiniona anavuka barabara.

Ulisema ishirini na naona itakuwa ishirini. Hukunidanganya. Ungenidanganya ningejua pa kuiweka hasira yangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyu ndiye wangu wa kwanza.

Baba yako

3 Desemba

Baba,

Shikamoo. Niliomba kikaoni mrudishwe mpaka mfumo ukamilike. Bosi akasema tukiomba hivyo tumekiri kwamba hatujamaliza, na tutatozwa faini. Badala yake wameukata mradi uwe mfupi. Kuingiza mafaili ya zamani kumeondolewa. Nilipinga, nikanyamazishwa.

Nilidhani kila mtu anajua kwamba tarehe ile si ya kweli. Huku kwetu kila mtu anajua. Naomba nije Jumapili nikupigie magoti. Nijibu, Baba, hata mstari mmoja.

Mwanao

17 Juni

Binti,

Marahaba. Kimya changu hakikuwa ugonjwa, ingawa presha nayo imekuja.

Jana nilikwenda hospitali kuchukua dawa. Mfumo wenu sasa unafanya kazi, kidogo kidogo. Msichana wa mapokezi akabonyeza jina langu, akatazama, akasema, "Mzee, hujawahi kutibiwa hapa." Nikamwambia sawa, niandike upya. Akauliza kazi, nikasema sina. Akauliza apigiwe simu nani nikizidiwa. Jina lako lilinifika mdomoni, likakwama. Nikamtaja jirani.

Sikupanga hivyo, mwanangu. Nilipomwambia mama yako alilia. Najua hukunitakia mabaya, na ninakupenda vilevile. Lakini neno lako siwezi tena kuliegemea, hata ukiniandikia kwamba kesho ni Jumanne. Usije kwanza. Nitakapoweza kukuona nitakuita. Ni lini, sijui, na usinikadirie.

Baba yako